Makopo ya Ndugu Wawili

Kazi ya nesi huyu ilikuwa kuhesabu vidonge vilivyobaki. Nasema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mtu anafanya kazi kwenye utafiti wa dawa hudhani anashinda akichungulia darubini. Yeye alikuwa na sinia dogo la plastiki, kijiti bapa, na dirisha la kioo lenye tundu chini. Kila baada ya wiki nne mgonjwa alipitisha kopo lake kwenye tundu, nesi akamwaga vidonge siniani na kuvisukuma viwili viwili kwa kijiti, mgonjwa akimkodolea macho kama mwanafunzi anayesomewa matokeo. Kila kopo lilitoka na vidonge sitini na vinne. Viwili kwa siku, siku ishirini na nane; kwa hiyo vilipaswa kurudi vinane.

Vinane havikurudi. Vilirudi vitatu, au ishirini na kitu, au kopo likarudi tupu na mwenyewe akaapa kwamba vingine vililiwa na panya. Wale wajanja walivimwaga chooni asubuhi ya siku ya kliniki ili hesabu ikae vizuri, na kwa haraka zao wakamwaga na vile ambavyo vingebaki. Nesi aliwajua kwa macho tu. Hakugombeza mtu. Aliandika idadi, akasema, "Haya, tuonane mwezi ujao," kwa sauti iliyowauma kuliko tusi. Wagonjwa wakambatiza Bi Vinane, naye jina alilijua na wala hakulichukia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa figo, ule unaorithiwa, wa vifuko vya maji vinavyoota ndani ya figo na kukua mwaka hadi mwaka mpaka figo inashindwa na kazi yake. Dawa mpya ilisemekana inapunguza kasi ya vifuko hivyo. Ili ijulikane kama ni kweli, kompyuta ilipiga kura: nusu ya wagonjwa wakapewa dawa, nusu wakapewa kidonge kinachofanana nayo kwa rangi, kwa umbo, hata kwa uchungu wa ulimini, ila ndani hakina kitu. Pale kliniki hicho walikiita bubu. Nani anameza dawa na nani anameza bubu, hakuna aliyejua, awe mgonjwa, nesi au daktari. Siri ilifungwa kwa miaka miwili.

Daktari mkuu wa utafiti ule aliitwa Asilimia, ila nyuma ya mgongo wake tu, maana ukimsalimia tu ungedhani atakujibu kwa sehemu ya mia. Siku ya kuandikisha washiriki alikutana na mwanamke aliyemtoa jasho. Alikuwa mjane, mshonaji wa nguo, mumewe alikufa kwa ugonjwa huohuo, na alikuja na wanawe wawili waliourithi. Mkubwa alikuwa fundi viatu, hajaoa, anaishi na mama yake. Mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ana mke na mabinti wawili wadogo, na nyumba yake iko mitaa miwili kutoka kwa mama.

"Daktari, nimekuletea wawili," mama alisema. "Inaweza kutokea mkampa mmoja, mwingine mkamnyima?"

"Hatumnyimi mtu, mama. Ni kura. Uwezekano wa mmoja kupata na mwingine kukosa ni asilimia hamsini."

"Mimi sijakuuliza asilimia, baba. Nimekuuliza habari za wanangu."

Asilimia alikohoa, akapekua karatasi zake, na nesi aliyekuwa pembeni akauma mdomo asicheke. Wanawe wakasaini. Mama aliwatazama wanavyosaini kama anayeangalia mtu akikata kitambaa chake bila kupima.

Utaratibu ulisema kila mgonjwa alete kopo lake mwenyewe. Mwezi wa kwanza walikuja wote wawili. Nesi akawauliza maswali ya kwenye fomu: kichwa kinauma, tumbo linavuruga, kiu imezidi. Fundi viatu akacheka. "Kiu? Nesi, nakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Chooni naenda mpaka wateja wananikimbia." Mdogo wake, mwalimu, hakuwa na kiu yoyote. Nesi akaandika alivyoambiwa, na ingawa hakutakiwa kufikiri, alifikiri, kwa maana ilishajulikana kwamba dawa ile inakausha koo.

Kuanzia mwezi wa pili makopo yote mawili yaliletwa na mama peke yake, yakiwa ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, kwa sababu vijana wako kazini. Nesi aliruhusu. Makopo yalirudi na vinane na vinane. Mwezi uliofuata, vinane na vinane. Kwenye fomu, ambazo nazo mama alizijibu kwa niaba yao, mkubwa sasa ana kiu kidogo, na mdogo naye ana kiu kidogo. Kiu si mafua, haiambukizwi mezani. Nesi aliliona hilo. Kisha akalitazama sinia lake, akaona vidonge vimejipanga vinane vinane bila kasoro, na kati ya fomu na sinia akachagua kuamini sinia. Asilimia alikuwa akimsifu kwenye vikao kwamba dirisha lake lina familia yenye asilimia mia. Sifa ni tamu, na yeye kwa miaka mingi alikuwa amekunywa chai isiyo na sukari.

Mwezi wa tano alitakiwa kutembelea nyumba chache bila taarifa. Alipofika kwa mshonaji mlango ulikuwa wazi. Akapiga hodi, akakaribishwa, akaingia na kumkuta mama kwenye meza yake ya kukatia, baina ya mkasi na vipande vya gauni. Mbele yake kulikuwa na makopo mawili yaliyofunguliwa na visahani viwili vilivyojaa vidonge.

"Ngoja kidogo, mwanangu, nisipoteze hesabu," mama alisema bila kuinua macho. Alimaliza thelathini na mbili, akavisogeza, ndipo akamvutia mgeni kiti.

"Mama, unafanya nini?"

"Nagawa. Nusu ya kopo hili na nusu ya lile nazitia huku, zilizobaki natia kule. Kila mmoja anapata sawa."

Nesi aliketi.

"Si nyie mliouliza habari za kiu?" mama akaendelea. "Swali lenu ndilo lililotufumbua macho. Tulipotoka pale mkubwa akaniambia, mama, dawa ninayo mimi. Mdogo wangu ana mke na watoto. Tubadilishe, yeye umpe kopo langu, mimi unipe lake. Nikamwambia katika nyumba hii hakuna wa kujitoa kafara. Mtagawana. Tangu wakiwa wadogo sijawahi kushona kaptura moja. Nikikata, nakata mbili."

"Na mwalimu anajua?"

"Akijua atakubali? Ana kichwa cha baba yake yule. Nachukua kopo, narudisha kopo, yeye anameza tu."

"Nusu ya dawa si nusu ya kupona, mama. Kipimo kimepangwa. Ukikipunguza huenda kisimfae yeyote kati yao."

"Huenda," mama alirudia. "Kuna mtu ameshaipima hiyo nusu?"

Hakuna aliyeipima. Nesi akatazama cherehani.

"Nikiliandika hili watatolewa wote wawili kwenye utafiti."

"Basi usiliandike," mama alisema, kwa sauti ya kumshauri mteja asichukue kitambaa kinachochuja.

"Na wewe uache."

"Nimekusikia."

Kusikia si kukubali. Nesi alikuwa mtu mzima na hilo alilijua alipokuwa anavaa viatu mlangoni. Angeweza angalau kuwalazimisha vijana waje wenyewe kuchukua makopo yao dirishani, kama utaratibu ulivyotaka, bila kumtaja mama yao popote. Hakufanya. Aliporudi kliniki aliandika: makopo yamekaguliwa, hesabu ni sahihi. Ukimuuliza angekwambia ni huruma, na huruma kweli ilikuwepo. Lakini simfichi: sifa ya asilimia mia nayo ilikuwepo.

Miezi ikaenda. Mwezi wa kumi na saba fundi viatu alikuja kutoa damu uso umemvimba, viatu vyake mwenyewe havimwingii, akafanya mzaha kwamba afadhali yeye ni fundi, atajishonea vikubwa. Mwezi wa ishirini akaanza kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mwezi wa ishirini na mbili akafa. Nesi alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa, na mama alipomwona alimwinamishia kichwa kama watu wanaofahamiana sokoni. Kopo la marehemu likarudishwa stoo. La mwalimu likaendelea kuja kila mwezi, na vinane vyake.

Kisha miaka miwili ikatimia na siri ikafunguliwa. Dawa inafanya kazi. Asilimia alitembea korido nzima akiwapa watu mikono; figo za waliomeza dawa zilikuwa zimechelewa kuharibika kwa kiasi ambacho hata yeye hakukitarajia. Wote waliokuwa wakimeza bubu sasa wangepewa dawa yenyewe, na orodha yao ikaletwa dirishani ili makopo yaandaliwe. Nesi akaisoma kwa kidole. Jina la mwalimu lilikuwepo, limekatwa kwa mstari.

Alikwenda nayo ofisini kwa Asilimia.

"Daktari, huyu mwalimu mbona amekatwa? Alikuwa kwenye bubu, na figo zake zimebakiwa na muda kidogo sana."

"Kaka yake alikuwa kwenye dawa," Asilimia alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutabasamu. "Amemeza kila kidonge kwa miezi ishirini na mbili, saini yako ipo. Figo zikafa vilevile. Hawa ni damu moja, ugonjwa wao ni uleule. Dawa iliyomshinda mmoja namna ile, nikimpa mwenzake nitamuumiza ini bure, maana dawa hii ni kali kwa ini. Hesabu ya kaka yake ingekuwa na kasoro, ningesema hakumeza vizuri, ningemrudisha mdogo kwenye orodha leo hii. Lakini hesabu ni safi."

Nesi alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja kazini, na hakuwahi kuketi mbele ya daktari huyu.

"Hesabu si safi," alisema.

Akaeleza yote, visahani, thelathini na mbili kwa thelathini na mbili, na maneno aliyoyaandika aliporudi. Alipomaliza, daktari alifungua mdomo kama anayetaka kutaja kiwango fulani, akaufunga.

Damu ya washiriki ilikuwa imehifadhiwa kwenye majokofu. Haikuwahi kupimwa kutafuta dawa, maana kipimo hicho walifanyiwa wenye hesabu za kutiliwa shaka tu. Sasa ikapimwa. Damu ya fundi viatu ilikutwa na dawa kidogo kuliko ilivyotakiwa, na damu ya mwalimu, ambaye kwa karatasi hakuwahi kuionja, ilikutwa nayo pia. Mwalimu akarudishwa kwenye orodha kwa sharti moja: yapatikane maelezo ya jinsi ilivyotokea, yasainiwe na mama, kisha mwalimu mwenyewe ayasome na kusaini. Nesi alipewa barua. Mwisho wa mwezi angeondoka, na jina lake lingepelekwa kwenye baraza la wauguzi. Aliisoma mara moja, akaikunja. Hakuona kwamba ameonewa.

Karani alitumwa kuchukua maelezo kwa mshonaji. Mama alimpa kiti, akamshonea na kifungo cha shati kilichokuwa kinaning'inia, na hakumwambia neno. Ikabidi aende nesi.

Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mama alikuwa amekonda, na ile sauti yake ya dukani ilikuwa imeshuka. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja ambalo nesi aliliogopa njia nzima.

"Mwenye dawa alikuwa nani?"

"Mkubwa."

"Kwa hiyo ningemwachia kopo lake."

"Huenda angekuwa hai, mama."

"Na ningempa mdogo lote, kama mwenyewe alivyotaka?"

"Huenda mdogo asingefika alipofika."

Mama alikaa. Alinyoosha kipande cha kitambaa magotini, akakikunja, akakinyoosha tena. "Mimi nikagawa," alisema.

Nesi akasogeza kiti karibu. "Na mimi nilinyamaza. Ningewaita waje wenyewe dirishani, kila mtu na kopo lake. Ni jambo dogo, lilikuwa mkononi mwangu, na sikulifanya."

Mama hakumlaumu wala hakumwambia yamepita. Alimsogezea tu karatasi. "Andika. Niligawa mimi, peke yangu. Wanangu wote hawakujua."

"Lakini mkubwa alijua, mama. Yeye ndiye aliyekwambia dawa anayo. Yeye ndiye aliyetaka kuitoa."

"Andika ninavyokwambia. Yule mdogo namjua, nimemzaa. Akisikia kaka yake aliiachia dawa yake kwa ajili yake, unadhani atameza tena kidonge? Atasema nimemla ndugu yangu, na kopo atalitupa. Acha anichukie mimi. Mtu akimchukia mama yake bado anakula, bado anakwenda kazini. Akijichukia mwenyewe hamezi kitu."

Nesi alikuwa ameapa njiani kwamba hatoandika tena jambo la uongo maishani mwake, hata likiwa dogo. Kiapo hicho hakikufikisha saa moja. Aliandika: niliwagawia bila wao kujua. Mama akasaini pole pole, herufi moja baada ya nyingine, kisha akaomba asomewe tena, na nesi alipofika kwenye neno "bila" mama akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu alikuja dirishani siku ya Jumatano, ikiwa ni wiki ya mwisho ya nesi. Alikuwa amevimba macho, na mikono yake ilikuwa na chaki bado. Alisoma maelezo kama anayesahihisha insha, kidole kikifuata mstari, akafika mwisho, akarudi juu.

"Kaka hakujua?"

"Imeandikwa hivyo."

"Nimekuuliza wewe, dada. Wewe ulikuwepo. Mwezi ule wa kwanza alikuwa na kiu, nikamcheka mpaka nikalia. Baadaye hakulalamika tena. Nilidhani amezoea." Aligonga karatasi kwa kidole. "Alijua, au hakujua?"

"Hakujua," nesi alisema.

Mwalimu alisaini. Aliibonyeza kalamu mpaka karatasi ikachanika kidogo. "Basi ni mama," alisema. "Amemuua mwanawe kwa mkono wake, na mimi akanifanya nimsaidie. Nyumbani kwake sikanyagi tena. Wala wanangu."

Neno lolote la kumtetea mama lingemfanya atupe kopo. Nesi akalipitisha tunduni. Kidonge cha kwanza kilitakiwa kimezwe palepale, mbele ya nesi, kwa hiyo akampa na kikombe cha maji. Mwalimu alikishika kidonge kiganjani kwa muda, akakiangalia, nesi akiwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akameza. Akafungua kinywa kama alivyotakiwa, akainua ulimi. Kidonge kilikuwa kimekwenda.

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, alikuwa ameketi mama yake. Hakuna aliyemwita, alikuja tu na mkoba wake, akakaa mwishoni mwa benchi. Mwalimu alitoka, akamwona, akampita bila kumsalimia, na miguu yake ikaongeza mwendo kuelekea langoni. Mama alitazama mkono wa mwanawe, akaliona kopo. Alisubiri mpaka mwanawe akapotea, akainuka kwa kujishikiza, akaenda zake nyumbani.